Nyuki wa Miguu Minne

Simu ya Bi Tatu ilimkuta Julieth Mahona akipuliza chai ya kwanza ya siku.

"Njoo dukani sasa hivi," alisema Bi Tatu. "Kuna jinai."

"Jinai gani?"

"Hiyo ndiyo tunataka uje utuambie."

Julieth aliiacha chai. Tangu alipoacha upelelezi katika polisi ya reli na kufungua ofisi yake mwenyewe, juu ya duka la fundi cherehani, kesi zake nyingi zilikuwa za mbuzi waliopotea na waume waliosema wamekwenda Igalula kununua mpunga, kumbe hawajatoka hata mtaani. Jinai isiyo na jina hakuwahi kupewa. Alipiga teke pikipiki yake mpaka ikakubali, akaelekea mtaa wa Ng'ambo.

Kibao cha duka kilisomeka MANJULA NA TATU, UCHAPAJI WA KILA AINA. Wageni walidhani ni hesabu, wakawa wanauliza Manjula yuko wapi na hao wengine watatu wako wapi. Wenyeji walijua kwamba Tatu ni Bi Tatu Sabiri, binti wa marehemu fundi viatu Sabiri, na kwamba Bi Manjula ni yule mjane aliyekataa kuhamia kwa wanawe Dar es Salaam kwa sababu, kama alivyosema, huko hakuna mtu wa kugombana naye vizuri. Wanawake hao wawili walikuwa wamechapa kadi za harusi na ratiba za mazishi za nusu ya mji. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa feni. Mmoja anataka iwake, mwingine inampeperushia karatasi.

Asubuhi hiyo kila mmoja alikuwa amekaa pembe yake, na hawakuwa wanatazamana. Katikati yao ilisimama mashine.

Ilikuwa ndefu kama kabati la vyombo la bibi harusi, nyeupe, ina mstari wa buluu ubavuni na taa ndogo za kijani zilizowaka kama macho ya paka.

"Shikamooni," alisema Julieth.

"Marahaba," walijibu kwa pamoja, kisha wakakasirika kwamba wamejibu kwa pamoja.

"Nani ameibiwa?"

"Hakuna aliyeibiwa," alisema Bi Manjula. "Mwenzangu ameota. Mashine yetu ya zamani imekufa. Tunatafuta ya rangi, ya kazi nzito, ya kukaa nayo mpaka tuzeeke. Kijana Amon wa Mwanza ametuletea hii tuijaribu. Tumeijaribu leo alfajiri. Imetoa karatasi nzuri ajabu. Amekwenda kunywa supu, akirudi tunatia saini, na lori lake linaondoka baada ya Adhuhuri. Basi."

"Imetoa karatasi baridi," alisema Bi Tatu.

"Umesikia? Baridi! Ndiyo jinai yenyewe hiyo."

Julieth alivuta kigoda akaketi. "Bi Tatu, eleza taratibu."

"Mashine za namna hii zinachapa kwa unga, mwanangu. Unga unapakwa kwenye karatasi, halafu roli za moto zinaupiga pasi mpaka ushike. Ile yetu ya zamani, karatasi ikitoka unaipokea kama chapati, unaihamisha mkono huu na huu. Leo nimepokea mimi mwenyewe. Baridi kama imetoka mtungini."

"Feni!" alisema Bi Manjula. "Feni ilikuwa inaipuliza. Feni ambayo wewe ndiye uliyeiwasha!"

Julieth alitazama juu. Feni ilikuwa inazunguka polepole, ikilia kama mlango wa zizi. Akatoka nje, akarudi na chapati aliyoinunua kwa mama wa mlangoni, ya moto, imetoka kikaangoni wakati huo huo. Akaiweka juu ya trei ya kutolea karatasi, chini kabisa ya feni.

"Bi Tatu, karatasi ilikaa hapo muda gani kabla hujaishika?"

"Haikukaa. Niliidaka."

"Basi tuipe feni nafasi zaidi ya hiyo." Alisimama akazunguka mashine nzima, akatazama mlangoni, akarudi, akaikata chapati kipande. Akakitia mdomoni akakitema mkononi. "Hhah! Imeniunguza."

Bi Manjula aliionja upande wake, akasema chumvi imezidi, lakini hakutaja feni tena.

"Feni haina hatia," alisema Julieth. "Nionyesheni karatasi zilizotoka."

Zilikuwa lebo za chupa za asali, za kikundi cha kina mama wafugaji nyuki wa Kigwa. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya jambo lote. Kina mama hao walikuwa wamepata wateja wa mbali, nao walitaka lebo ambayo rangi yake ya asali haibadiliki kutoka chupa ya kwanza hadi ya mwisho. Duka likiweza, kazi ni yao msimu hadi msimu. Likishindwa, wangepeleka kwingine. Kwa ajili ya mashine hiyo Bi Manjula alikuwa amezivua bangili zake za harusi, na Bi Tatu alikuwa amekiuza kiwanja alichoachiwa na baba yake. Wakinunua mkweche, hawana kingine cha kuuza.

Julieth alizipeleka lebo dirishani. Rangi ilikuwa ya kutamanika. Asali iling'aa mpaka mtu akataka kulamba karatasi. Katikati palikuwa na nyuki mkubwa ametanua mabawa.

"Nyuki amechorwa na nani?"

"Mimi," alisema Bi Manjula, akainua kidevu. "Kwenye kompyuta."

"Ni mzuri. Lakini ana miguu minne."

Bi Manjula alicheka. "Huyo ni wa zamani. Kina mama wa Kigwa walimrudisha, wakasema nyuki wao si mbuzi. Jana jioni nikamwongezea miwili. Leo alfajiri nimempa Amon kwenye flashi, nyuki mpya wa miguu sita."

"Na huyu wa miguu minne, Amon alimpata lini?"

"Nilimtumia kwa simu wiki iliyopita, ili aone aina ya kazi ya..." Aliichukua lebo, akaisogeza puani, akaanza kuhesabu kwa kidole. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili, labda nyuki angebadili mawazo.

"Mimi nilikuwa naangalia rangi," alisema kwa sauti ndogo.

"Sote tuliangalia rangi," alisema Bi Tatu. Alisimama, akaenda akaketi karibu na mwenzake. Hakusema nilikwambia.

Julieth aliufungua mlango wa mbele wa mashine. Amon alikuwa amewaonya wasiiguse, eti dhamana itakufa, lakini Julieth alikuwa amefungua mabehewa yaliyofungwa kwa lakiri na muhuri, sembuse mlango wa sumaku. Kwa ndani palikuwa na mchoro unaoonyesha njia ya karatasi. Aliufuata kwa kidole kama mtu anayesoma ramani ya reli. Kutoka trei zote za chini njia zilikutana, zikapita kwenye unga, zikapita kwenye roli za moto, zikatoka. Isipokuwa moja. Trei ndogo ya juu, mwishoni kabisa, ilikuwa na tawi lake lililoingia baada ya roli za moto.

"Hii ni ya nini?"

"Alisema ni ya majalada," alijibu Bi Tatu. "Ukiwa na jalada la kitabu limeshachapwa kwingine, unaliweka hapo, linatoka pamoja na kurasa."

"Halipiti kwenye unga wala moto."

"Halipiti."

"Basi karatasi zenu zimepandia hapo. Ni kama abiria aliyepandia Igalula akashukia Tabora, anawaambia watu katoka na treni Dar. Mashine hii haijachapa chochote leo. Imetema tu kilichowekwa mdomoni."

Bi Manjula alivuta pumzi ndefu. Aliongea Kigujarati, maneno machache, na Bi Tatu, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa ameyaelewa yale tu yenye matusi, aliitikia kwa kichwa.

"Lakini kuna swali," alisema Julieth. "Karatasi hizi ni nzuri kweli. Kuna mashine mahali fulani imezichapa. Iko wapi?"

"Mwanza," alisema Bi Tatu.

Julieth alipitisha ukucha kwenye ukingo wa karatasi. Karibu na kona, ukucha ulikwama. Alichukua nyingine, ukakwama pale pale. Palikuwa na kijino kidogo, kama kwamba kisu kilichokata rundo hilo kilikuwa na pengo. Alifikiri kidogo, akaufungua mkoba wake, akatoa kadi za mchango. Alikuwa nazo nyingi, kama kila mtu mwenye kazi na simu: harusi, kipaimara, harusi, harusi. Alipitisha ukucha kwenye kingo zake. Karibu zote zilikuwa na kijino hicho hicho, mahali hapo hapo.

"Kadi hizi zimekatwa wapi?"

Bi Manjula hakuhitaji hata kuzigusa. "Kwa Akbar, mshindani wetu. Kila mtu anajua kisu chake kina pengo, alikatia waya." Kisha macho yake yakapanuka. "Jana nilimwona nyuma ya duka letu! Amebeba kifurushi kimefungwa gazeti. Nikamuuliza una nini, akasema anatafuta paka wake."

"Alimpata?"

"Hana paka!"

Nje pikipiki ya abiria ilisimama, na sauti ya Amon ikasikika akimshukuru dereva. Julieth aliufunga mlango wa mashine, akachukua lebo moja, akaichomoa flashi ya nyuki mpya mashineni, akamwashiria Bi Manjula watokee mlango wa nyuma, kisha akamwinamia Bi Tatu.

"Mzuie."

"Nimzuie kwa nguvu gani? Mimi mtu mzima."

"Kwa chakula."

Uso wa Bi Tatu ulitulia. Hiyo ilikuwa kazi aliyoiweza.

*

Duka la vifaa vya shule la Akbar lilikuwa mtaa wa pili, karibu na soko. Kaunta ilishikwa na mkewe, Bi Shamimu, mwanamke mnene aliyevaa mtandio wa waridi, akijipepea kwa daftari jipya. Baada ya salamu alimtazama Bi Manjula kwa mshangao, maana washindani hao walikuwa hawaingiliani madukani.

"Kama mmefuata barafu," alisema, "msiniulize. Hakuna."

"Barafu?" aliuliza Julieth.

"Mume wangu amenunua friji kubwa, la kugandisha. Limeshuka kwa treni, wanaume wakalibeba wanatoka jasho, likaingizwa stoo. Nikasema alhamdulillahi, nitauza barafu, nitauza juisi. Tangu siku hiyo halijanipa hata tone. Kila nikiuliza ananiambia linazoea umeme. Friji gani linazoea umeme kama mtoto anayezoea uji?"

"Stoo iko wapi, mama?"

"Huko nyuma. Lakini ufunguo anao yeye, na yeye yuko humo humo. Siku hizi anashinda humo. Anasema kuna ubaridi mzuri."

Kutoka nyuma ya ukuta ilisikika sauti ya mvumo, kisha taka, taka, taka, taka, kwa mpigo mmoja usiobadilika.

"Friji lenu linahesabu?" aliuliza Julieth.

Bi Shamimu aliliweka daftari chini. Alizunguka kaunta kwa wepesi ambao mwili wake haukuutangaza, akapita ua, akagonga mlango wa stoo kwa kiganja.

"Akbar! Fungua. Kuna moto!"

Mlango ulifunguka mara moja. Mzee Akbar alitoka na ndoo ya mchanga mkononi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, akitafuta moto wa kuzima. Aliona mkewe, akaona Bi Manjula, akaona mwanamke mwingine mwenye mkoba. Nyuma yake, juu ya kipande cha zulia, ilisimama mashine ya kijivu isiyo na umbo la kupendeza, kama kabati la mafaili la ofisi ya kata. Karatasi zilikuwa zinatoka ubavuni mwake, taka, taka, taka. Boksi la friji lilikuwa limepinduliwa kando, limekuwa meza ya chai.

"Akbar," alisema Bi Shamimu.

"Naam."

"Barafu iko wapi?"

Mzee Akbar aliitazama ndoo ya mchanga, kana kwamba ingeweza kumjibia.

"Uliapa," alisema Bi Shamimu. "Ile mashine yako ya mwisho uliyosema itatutajirisha, leo mimi napigia pasi juu yake. Uliapa mbele ya mama yako kwamba hutanunua nyingine."

"Niliapa kwamba sitanunua ile ya namna ile," alisema Mzee Akbar. "Hii ni namna nyingine."

Julieth aliona kwamba ndoa ingeweza kula asubuhi yote. Aliinua ile lebo. "Shikamoo mzee. Hii umechapa wewe?"

Akbar aliivaa miwani. Alichukua muda mrefu kuliko nyuki alivyostahili. "Kijana mmoja wa Mwanza alikuja hapa kuniuzia mashine. Akaiona yangu, nikamwomba asimwambie mtu. Akasema hatamwambia mtu, ila nimsaidie sampuli chache."

"Ulijua ni sampuli za nani?"

"Niliona nyuki tu."

"Na hapa palipoandikwa Kigwa?"

"Niliona pia."

"Na kazi ya Kigwa ulijua iko kwa nani?"

"Nilijua kidogo."

"Kidogo!" Bi Manjula alisogea mbele. "Akbar, mtoto wako alipooa, kadi nilikuchapia usiku na mchana, hata jina la mkwe wako ulilolikosea nililisahihisha bila kukwambia. Na wewe unakuja nyuma ya duka langu unaita paka?"

Mzee Akbar aliinamisha kichwa. Alijieleza kwa maneno machache. Akiwa na mashine nzuri iliyofichwa, na wao wakiwa na mkweche ulio wazi, wateja wangehama wenyewe bila yeye kusema neno. Hakuwa amekusudia ubaya mkubwa. Alikuwa amekusudia ubaya wa biashara.

"Mlango uache wazi," Julieth alimwambia. "Sasa tutaihoji mashine."

Bi Manjula ndiye aliyeihoji. Aliichomeka flashi, akaita nyuki mpya, akaamuru. Karatasi ya kwanza ilitoka naye akaidaka, akaihamisha mkono huu na huu, akipuliza vidole.

"Inaunguza," alisema, na akatabasamu.

Nyuki alikuwa na miguu sita. Lakini Bi Manjula hakuridhika na hilo. Alitia karatasi za stika, nzito kuliko za kawaida, akaiacha mashine ichape rundo zima huku akisikiliza mlio wake ameinamisha kichwa. Alichomoa ya kwanza na ya mwisho, akatoka nazo juani, akazilaza bega kwa bega juu ya ukuta wa kisima. Akamwita Julieth, akamwita Bi Shamimu, akamwita hata Akbar. Hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi. Akazikunja akaona kama unga unabanduka kwenye mkunjo. Haukubanduka. Akachapa kadi pande mbili, akaishika dhidi ya jua kuona kama mbele na nyuma zinalingana.

"Umeme ukikatika katikati?"

"Inakasirika, kisha inasamehe," alisema Akbar. Kwa kuwa alikuwa anaulizwa juu ya kipenzi chake, uoga ulikuwa umeanza kumtoka.

"Fundi wake?"

"Yuko Shinyanga. Alikuja kwa basi mara moja, akaisafisha, akanywa chai, akasema haina ugonjwa."

"Unga wake unapatikana?"

"Dar, unapanda treni. Haujawahi kunichelewea."

Bi Manjula aliipapasa ile mashine ya kijivu kwa kiganja. "Ina sura mbaya," alisema.

"Sana," alikubali Akbar kwa huzuni.

*

Walipoingia dukani Ng'ambo, Amon alikuwa amezungukwa. Mbele yake palikuwa na sahani ya pilau, bakuli la maharage, parachichi lililokatwa na bilauri ya mtindi, na Bi Tatu amesimama juu yake na mwiko. Kijana alikuwa amelegeza tai. Mkataba ulikuwa mezani, umefunikwa na sahani ya pili.

"Mama zangu," alisema, akijaribu kuinuka na tumbo likikataa, "tumalizane. Lori linanisubiri."

"Tunamalizana," alisema Julieth. "Tuchapie lebo moja tu."

"Dada, mashine imepumzishwa. Umeme wa asubuhi na wa mchana si sawa. Kitaalamu kuna..."

"Mbona umeme wa Mzee Akbar uko sawa?"

Amon alitazama mlangoni. Mzee Akbar alikuwa amesimama pale, mkewe nyuma yake kama askari magereza. Mzee alitikisa kichwa taratibu, kumaanisha imekwisha.

Julieth aliikagua trei ya juu, akaikuta tupu. Akaisogeza meza mbele yake ili mtu asiifikie, akampa Amon flashi. Kijana aliichomeka. Mashine nyeupe iliwaza. Iliwasha taa zake zote. Ikatoa mlio kama wa mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba, ikaikunja karatasi ya kwanza, ikaila. Ya pili ilitoka. Nyuki alikuwa na miguu yote sita, lakini rangi yake ilikuwa ya kijani inayong'aa, na asali ilikuwa kama maji ya betri. Ya tatu, nyuki alikuwa wa zambarau.

Bi Tatu aliishika ile ya kijani. "Huyu ni nzi wa chooni."

"Ndiyo rangi za kisasa, mama," alisema Amon, lakini hata yeye hakusikika akiamini. Akakaa. "Nimezunguka nayo tangu Geita. Ofisini wameniambia nisirudi nayo."

"Utarudi nayo," alisema Bi Manjula. "Na bosi wako nitampigia mimi mwenyewe. Nitamwambia rangi zake niliziona zote." Aliuvuta mkataba kutoka chini ya sahani, akaupasua mara moja kwa urefu, akampa vipande. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akamwambia amalize pilau kwanza.

Amon aliimaliza. Watu wa lori walipokuja kuipandisha mashine nyeupe aliwasaidia kusukuma, na hakumtazama mtu usoni mpaka gari lilipokata kona.

Likabaki suala la mashine ya kijivu. Mzee Akbar alijikohoza, akaanza kusema kwamba kwa kuwa mambo yote yako wazi sasa, yeye angeweza kuendelea nayo pale stoo, na kina mama wangeweza kuleta kazi zao kwake, kwa bei ya kirafiki.

"Inahama leo," alisema Bi Shamimu.

"Mke wangu..."

"Inahama leo. Hawa wana kazi na wanajua kuiendesha. Wataichukua kwa bei uliyonunulia, wala si shilingi zaidi. Kazi zako utawaletea wao, utapanga foleni kama mteja. Na mimi nitanunuliwa friji, na nitalifungua mimi mwenyewe boksi lake, hapo stesheni, mbele ya watu."

Julieth alimtazama Bi Manjula. Bi Manjula alimtazama Bi Tatu.

"Wewe unasemaje?" aliuliza Bi Manjula. "Safari hii wewe ndiye unayesema kwanza."

"Nasema twende tukaichukue kabla mume wa mtu hajabadili nia," alisema Bi Tatu.

Alasiri hiyo mkokoteni ulikodiwa. Mashine ilifungwa kamba, na kwa kuwa vumbi la Ng'ambo ni adui wa unga na roli, Bi Shamimu aliifunika kwa shuka jeupe jipya, akalichomekea pande zote. Wasukumaji walishika mbele. Mzee Akbar alifuata nyuma kwa miguu, mikono kifuani, machozi yakimlengalenga, na nyuma yake wanawake watatu na mpelelezi, wote kimya, maana barabara ilikuwa na mashimo na kila mtu alikuwa anaomba Mungu.

Waendesha baiskeli walishuka. Muuza nyanya alizima redio. Wanaume waliokuwa wakicheza bao walisimama, na Mzee Yahaya, muuza majembe, alivaa kofia yake vizuri, akatoka kwenye kivuli cha duka lake, akauwekea mkokoteni bega. Wengine wawili watatu walimfuata kutafuta thawabu. Midomo yao ilikuwa inatembea kwa dua. Mmoja alimshika Akbar mkono, akamwambia kazi ya Mungu haina makosa.

"Haina," alisema Akbar, akafuta macho.

Julieth alifungua mdomo kueleza, akaona Bi Tatu anamtikisia kichwa. Barabara ilikuwa inapanda, na wasaidizi hawakuwa wengi.

Walifika. Mkokoteni ulisogezwa mpaka kizingitini, wanaume wakahesabu, wakainua, wakaitua katikati ya duka. Bi Manjula alilivuta shuka.

Mzee Yahaya, jasho likimtiririka, aliizunguka mashine mara moja. Akainama akatazama chini yake.

"Marehemu ni huyu?" aliuliza.

"Hakuna marehemu, mzee wangu," alisema Bi Tatu kwa upole. "Ni mashine ya kuchapa kwa rangi. Tunashukuru sana kwa bega lako."

Wenzake walianza kutoka mmoja mmoja, wakijifanya wana shughuli. Mzee Yahaya hakutoka. Alikitoa kitambaa, akajifuta uso, akajifuta shingo. Alisogea karibu na meza, akatazama mlangoni kama kuna mtu, kisha akamwinamia Bi Manjula.

"Maadamu nimeshafika," alisema. "Mnachapa kadi za harusi?"

"Tunachapa. Harusi ya nani, mzee?"

"Yangu." Akaishusha sauti zaidi. "Lakini chapeni polepole, mama. Nyumbani bado hawajaambiwa."